Duka lako la mtandaoni ni zito? Punguza mzigo kabla ya kununua nguvu

Swali linakuja kwa sura nyingi lakini ni lile lile. Muuzaji wa vitenge anauliza kwa nini duka lake la mtandaoni halionekani watu wakitafuta Google. Muuzaji wa vipodozi analalamika kwamba wateja wanabofya kiungo, ukurasa unabaki mweupe, wanaondoka. Mwingine ameambiwa na fundi kwamba dawa ni kuhamia seva ya bei kubwa, naye anataka kujua kama atoe hiyo hela.

Usiitoe bado. Maduka madogo mengi ya mtandaoni hayaelemewi na udogo wa seva. Yanaelemewa na vitu ambavyo mwenye duka au fundi wake amevipakia: picha zilizotoka kwenye kamera moja kwa moja, slaidi tano juu ya ukurasa, programu-jalizi thelathini, vidude vya kuchati. Ukinunua seva kubwa huku mzigo uko pale pale, unalipia nguvu ya kubeba vitu visivyohitajika. Kanuni ya makala hii ni moja: pima, punguza, halafu ndiyo ununue, kama haja itakuwa bado ipo.

Kuna sababu nyingine ya kufuata mpangilio huo. Mteja wako anafungua duka kwa simu, kwa bando alilolipia mwenyewe. Ukurasa wa megabaiti 15 unamla bando kabla hajaona bei. Duka jepesi ni heshima kwa mteja, na heshima hiyo ndiyo Google inayojaribu kuipima.

## Google inaangalia nini hasa

Google ilianza kuzingatia kasi ya kurasa za simu katika kupanga matokeo mwezi Julai 2018. Mwaka 2021 ikaongeza vipimo vitatu vinavyotazama hali halisi anayokutana nayo mgeni wa tovuti:

- LCP: muda unaopita mpaka kitu kikubwa zaidi kwenye skrini kionekane. Kwenye duka, mara nyingi ni picha ya bidhaa au bango la juu. Kiwango kizuri ni sekunde 2.5 au pungufu.
- INP: muda ambao ukurasa unachukua kuitikia mteja anapogusa kitu, mfano kitufe cha kuweka bidhaa kikapuni. Kiwango kizuri ni milisekunde 200 au pungufu. Kipimo hiki kilichukua nafasi ya kile cha zamani, FID, mwezi Machi 2024.
- CLS: kiasi ambacho vitu vinahama mahali pake ukurasa ukiwa unafunguka. Mteja anataka kugusa "Nunua", bango linatokea juu, kidole kinaangukia kwingine. Kiwango kizuri ni 0.1 au pungufu.

Ili ukurasa uhesabiwe kuwa mzuri, angalau ziara 75 katika kila 100 zinatakiwa kufikia kiwango. Maana yake, duka halipimwi kwa simu yako nzuri na waifai ya ofisini. Linapimwa pia kwa simu ya bei nafuu ya mteja aliye kwenye daladala.

Lakini usitarajie miujiza. Kasi ni kigezo kimoja kati ya vingi, na Google yenyewe imesema kwamba ukurasa unaojibu vizuri anachotafuta mtu unaweza kutangulia hata kama hali yake ya kufunguka si nzuri sana. Kama ukurasa wako una picha moja na maneno "Bei njoo inbox", kasi haitaupandisha. Kasi inasaidia zaidi pale ambapo duka lako na la mwenzako yanakaribiana kwa ubora wa maelezo, halafu lako likawa jepesi.

## Pima kabla hujagusa kitu

Mali bila daftari huisha bila habari. Usianze kubadilisha chochote kabla hujaandika hali ya sasa.

1. Chagua kurasa tatu: ukurasa wa mwanzo, ukurasa wa kundi moja la bidhaa, na ukurasa wa bidhaa inayouzika sana. Wengi wanapima ukurasa wa mwanzo peke yake, ilhali mteja anayetoka Google mara nyingi anatua moja kwa moja kwenye bidhaa.
2. Fungua PageSpeed Insights, huduma ya bure ya Google, uweke anwani ya kila ukurasa. Soma upande wa simu, si wa kompyuta.
3. Andika LCP, CLS, INP kama ipo, na uzito wa ukurasa. Weka tarehe.
4. Rudia mara mbili tatu, kwa sababu matokeo hupanda na kushuka. Chukua ya katikati.
5. Fungua Google Search Console na uangalie ripoti ya vipimo vile vitatu. Kama hujaunganisha duka lako na Search Console, fanya hivyo leo. Ni bure.

Kwenye PageSpeed Insights kuna sehemu mbili, na kuzichanganya ni kosa la kila siku. Sehemu ya juu inatoka kwa wageni halisi waliotumia kivinjari cha Chrome katika siku 28 zilizopita. Sehemu ya chini, yenye alama kati ya 0 na 100, ni jaribio linalofanywa papo hapo kwa kuigiza simu ya kawaida na mtandao wa taratibu. Google haitumii ile alama ya 0 hadi 100 kupanga matokeo. Inatumia takwimu za wageni halisi. Alama ni ya kukusaidia kutafuta tatizo.

Kama duka lako bado lina wageni wachache, sehemu ya juu itakuwa tupu. Usiogope. Fanya kazi kwa kutumia jaribio la chini, linganisha kabla na baada, na uamini zaidi simu ya bei nafuu utakayoazima kwa jirani.

### Soma ripoti kama daktari

Tuseme LCP ya ukurasa wa bidhaa ni sekunde 6. Namba hiyo peke yake haikuambii ugonjwa. Tafuta kwenye ripoti muda ambao seva ilichukua kutoa jibu la kwanza.

- Seva ilijibu baada ya sekunde 2 au 3: tatizo kubwa liko nyuma ya pazia, yaani kwenye kache (tutaieleza mbele), programu-jalizi au seva. Kiwango kizuri hapa ni sekunde 0.8 au pungufu.
- Seva ilijibu haraka, lakini picha imechelewa: tatizo ni uzito wa picha, au kivinjari kimechelewa kujua kwamba picha ipo.
- Picha imeshafika, lakini haionyeshwi: kuna skripti au fonti zinazozuia ukurasa kuchorwa.

Dakika kumi za kusoma hapo zitakuokoa usitibu malaria kwa dawa ya jino.

## Picha: hapa ndipo penye mavuno makubwa

Chukua bidhaa moja tuifuate. Umepiga picha ya kitenge cha yadi 6 kwa simu. Picha ina upana wa pikseli 4000 na uzito wa megabaiti 3. Umepiga tano: kikiwa kimekunjwa, kimetandazwa, pindo, lebo, na kimeshonwa. Jumla megabaiti 15. Skrini ya mteja haiwezi kuonyesha hata robo ya pikseli hizo.

Sasa punguza upana wa kila picha uwe pikseli 1200, uihifadhi kwa muundo wa WebP, ubora ukiwa 75 hadi 80. Mara nyingi picha ya namna hiyo itashuka chini ya kilobaiti 150. Picha tano sasa hazifiki megabaiti moja, na mteja bado anaona uzi wa kitambaa akikuza.

Kama duka lako limejengwa kwa WordPress, huenda ukasema, "WordPress si inapunguza picha yenyewe?" Ndiyo, kwa sehemu. Tangu toleo la 5.3 la mwaka 2019, WordPress hupunguza picha inayozidi pikseli 2560, na hutengeneza nakala ndogo za vipimo mbalimbali. Lakini haikuokoi kama themu yako inaita picha kubwa mahali pa ndogo, kama bango liliwekwa kwa ukubwa wake kamili, au kama umepakia picha ya PNG.

Fanya hivi:

- Punguza vipimo kabla ya kupakia. Kwa picha mojamoja tumia Squoosh, inayofanya kazi ndani ya kivinjari bila malipo. Kwa mamia ya picha za zamani, tumia programu-jalizi moja ya kubana picha.
- Tumia WebP. WordPress inaipokea tangu toleo la 5.8 la mwaka 2021.
- Jiwekee mpaka: picha ya ukurasa wa bidhaa isizidi kilobaiti 150, picha ndogo ya kwenye orodha isizidi kilobaiti 50.
- Ipe faili jina linaloeleweka. "kitenge-cha-njano-yadi-6.webp" linaisaidia Google kuliko "IMG_4032". Jaza pia maelezo mbadala ya picha, kwa sentensi ya kawaida.
- Hifadhi picha asili kwenye kompyuta au diski ya nje. Ukishabana, ubora uliopotea haurudi.

Epuka haya:

- *Bango lenye maneno ndani ya picha.* Wauzaji wengi wanatengeneza tangazo lenye bei, saizi na namba ya simu, wanalihifadhi kama PNG na kulipakia hivyo hivyo. Ni zito, halisomeki kwenye simu ndogo, na ukibadilisha bei lazima uchore upya. Andika bei na maelezo kama maandishi ya kawaida ya ukurasa. Ni mepesi, na Google inayasoma bila shida.
- *Kubana picha iliyokwishabanwa.* Picha iliyopita WhatsApp imeshapunguzwa ubora. Ukiibana tena rangi zinachuja, na mteja wa nguo ananunua rangi.
- *Video inayojiwasha.* Weka picha ya jalada, video ipakuliwe pale tu mteja anapoigusa.

## Kichwa cha ukurasa: slaidi moja inatosha

Slaidi zinazozunguka zinapendwa na wenye maduka kuliko wateja. Kila slaidi ni picha kubwa, na juu yake kuna skripti ya kuzizungusha. Weka picha moja, nzuri, yenye ujumbe mmoja na kitufe kimoja.

Hapo hapo kuna mtego wa kiufundi. Kuna mbinu ya kuchelewesha picha, ambapo picha iliyo chini ya ukurasa haipakuliwi mpaka mteja anapoikaribia. Ni mbinu nzuri, na WordPress inaifanya yenyewe tangu toleo la 5.5. Lakini picha ya kwanza, ile inayoonekana mara ukurasa unapofunguka, isicheleweshwe hata kidogo. Ukiwasha programu-jalizi inayochelewesha picha zote, LCP inazidi kuwa mbaya badala ya kupona. Ingia kwenye mipangilio yake, utenge picha ya kwanza au mbili.

## Programu-jalizi na vidude vya nje

Hapa ndipo INP inapoharibika. Kila kidude kinaleta skripti yake, na simu ya mteja lazima isome na kutekeleza skripti hizo zote kabla haijaitikia kidole chake. Simu ya bei kubwa inavumilia, ya bei nafuu inaganda.

Andika orodha ya programu-jalizi zote. Mbele ya kila moja jibu maswali matatu: inafanya nini, nani anaitumia, na mara ya mwisho ilileta faida gani. Isiyo na jibu, izime kwa wiki moja. Kama hakuna aliyeulizia, ifute. Kuzima tu bila kufuta kunaacha mlango wa usalama wazi.

Washukiwa wa kawaida ni hawa:

- Kidude cha kuchati. Kama wateja wako wote wanaishia WhatsApp, huhitaji programu nzima. Kiungo cha kawaida kinachoanza na wa.me na kufuatiwa na namba yako kinafanya kazi ile ile bila skripti.
- Picha za Instagram ndani ya duka. Zinavuta data kutoka kwingine kila ukurasa unapofunguka. Weka kiungo cha akaunti yako.
- Vifuatiliaji vya matangazo. Bakiza vya matangazo unayoyalipia sasa. Cha kampeni iliyokwisha mwaka juzi, kiondoe.
- Programu-jalizi ya malipo. Ya M-Pesa, Airtel Money au kadi inahitajika kwenye ukurasa wa malipo. Baadhi zinapakia skripti zao kwenye kila ukurasa, hata wa "Kuhusu sisi". Mwambie fundi azifungie kwenye kikapu na malipo tu.
- Madirisha yanayoibuka. "Jiandikishe upate punguzo" linalofunika skrini sekunde ya kwanza linamfukuza mteja, na Google haipendi madirisha yanayoziba maudhui kwenye simu.
- Vijenzi vya kurasa. Vinarahisisha kazi, lakini vinaongeza msimbo mwingi. Hulazimiki kubomoa duka lote. Anza kwa kurahisisha ukurasa wa bidhaa.

Onyo: zima moja, jaribu duka, halafu nenda kwa nyingine. Ukizima kumi kwa mpigo, kitu kikiharibika hutajua nani mkosaji.

## Kache: dawa nzuri, kipimo kikizidi ni sumu

Kila mteja anapofungua ukurasa wa WooCommerce, programu-jalizi inayoendesha duka ndani ya WordPress, seva inaulizia hifadhidata na kuujenga ukurasa upya. Kache inahifadhi ukurasa uliokwisha jengwa na kumpa mteja anayefuata. Muda wa seva kujibu unaweza kushuka kutoka sekunde mbili hadi sehemu ndogo ya sekunde.

Kwa blogu, unaiwasha na kwenda kulala. Kwa duka, zingatia haya:

- Kikapu, malipo na "Akaunti yangu" visiingie kwenye kache kamwe. Ukikosea, mteja mmoja anaweza kuona kikapu au anwani ya mwingine. Hilo si kosa la kasi tena, ni kuvuja kwa taarifa za watu.
- Tumia programu-jalizi moja tu ya kache. Mbili zinagombana.
- Ukibadilisha bei au bidhaa ikiisha, hakikisha kache inasafishwa. Mteja anayeona bei ya jana atakuja na malalamiko.
- Kipengele cha kuchelewesha skripti kinapandisha alama haraka, na ndicho kinachovunja vitufe vya malipo mara nyingi. Kila ukikigusa, nunua bidhaa ya bei ndogo kuanzia mwanzo mpaka risiti, kwa simu, kwa hela halisi.

Kabla ya hatua yoyote kati ya hizi, weka nakala hifadhi ya faili na hifadhidata, uhakikishe unajua namna ya kuirudisha. Kama kampuni inayokuhifadhia tovuti inatoa nakala ya majaribio, fanyia kazi huko kwanza. Na usifanye mabadiliko makubwa wiki ya Idi, Krismasi, au siku uliyotangaza ofa.

## Seva na umbali

Baada ya kupunguza picha, vidude na kuweka kache, pima upya. Kama seva bado inachukua zaidi ya sekunde moja kujibu, sasa zungumza na kampuni inayokuhifadhia tovuti. Waulize:

1. Duka langu linatumia toleo gani la PHP? Kama ni la 7, omba lihamie la 8 linaloungwa mkono bado, baada ya kujaribu kwenye nakala.
2. Seva iko nchi gani?
3. Ninashiriki seva na tovuti nyingi, na kuna kikomo gani cha kumbukumbu na kichakataji?
4. Je, mnatoa kache ya hifadhidata?

Umbali nao una gharama yake. Data ikitoka Dar es Salaam kwenda seva ya Ulaya na kurudi, safari moja huchukua zaidi ya milisekunde 100, na muunganisho mpya salama unahitaji safari kadhaa kabla herufi ya kwanza haijafika. Ndiyo maana mtandao wa kusambaza maudhui unasaidia: unaweka nakala za picha na faili zako karibu na mteja. Cloudflare, kwa mfano, ina vituo Afrika Mashariki, ikiwemo Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam, na ina mpango wa bure. Mpango wa bure haukuhakikishii kila mteja atahudumiwa kutoka kituo cha jirani, lakini kwa maduka mengi unaleta nafuu.

Ukaribu huo una faida nyingine. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, intaneti ya Tanzania, Kenya na majirani ilizorota kwa siku kadhaa. Katika hali kama hiyo, duka jepesi lenye nakala za faili zilizo karibu lina nafasi nzuri ya kufunguka kuliko duka zito ambalo kila picha yake inavuka bahari.

Kama wateja wako wengi wako Muscat au London, usihangaike kuleta seva Dar es Salaam. Angalia kwenye takwimu zako wanatoka wapi, ndipo uchague.

## Fonti, na vitu vinavyorukaruka

- Tumia familia moja ya fonti, unene usiozidi mbili, kwa muundo wa WOFF2. Fonti iliyomo tayari ndani ya simu ni nyepesi kuliko zote.
- Ruhusu maandishi yaonekane kwa fonti ya muda wakati fonti yako inapakuliwa. Mteja asome bei, asisubiri urembo.
- Kila picha ipewe upana na urefu wake kwenye msimbo, ili kivinjari kiitengee nafasi mapema.
- Tangazo la "Usafirishaji bure" juu ya ukurasa litengewe nafasi yake tangu mwanzo, lisije baadaye na kusukuma kila kitu chini.

## Kama duka lako lipo Shopify

Huna seva ya kushughulikia. Shopify yenyewe inasambaza picha zako na kuchagua muundo mwepesi unaofaa kivinjari cha mteja. Kazi yako inabaki kwenye mambo matatu: themu nyepesi, programu chache, na ukurasa wa mwanzo usio na sehemu ishirini. Kumbuka kwamba programu ukiifuta inaweza kuacha mabaki ya msimbo kwenye themu. Soma maelekezo yake ya kuondoa, au mwombe fundi apitie.

## Najua utaniuliza

"Kwangu linafunguka haraka, tatizo liko wapi?" Kivinjari chako kimeshahifadhi picha na faili za duka. Fungua kwa dirisha la faragha, zima waifai, tumia data ya simu, na ikiwezekana simu ya mtu mwingine.

"Wateja wangu wanatoka Instagram, Google ya nini?" Hata wa Instagram wanaubonyeza ule ule ukurasa mzito. Vodafone nchini Italia ilijaribu kurasa mbili zinazofanana kwa mteja, moja ikiwa na LCP bora kwa asilimia 31, na mauzo ya ukurasa huo yakawa juu kwa asilimia 8. Duka lako si Vodafone, lakini subira ya mteja haitofautiani sana.

"Nifukuzie alama 100?" Hapana. Ukishafikia viwango vitatu vya wageni halisi, hela na muda wako viende kwenye maelezo ya bidhaa, picha nzuri na huduma. Duka la alama 75 lenye maelezo kamili linafaa kuliko la alama 100 lisilo na saizi wala bei.

"Nimerekebisha, mbona Google haijabadilika?" Takwimu za wageni halisi ni za siku 28. Leo umetengeneza, kesho bado zinabeba siku 27 za zamani. Subiri mwezi mmoja kabla ya kuhukumu, na usibadilishe mambo mapya kila siku katikati yake.

"Mtu ananihakikishia ukurasa wa kwanza wa Google ndani ya wiki." Hakuna anayeweza kuhakikisha hilo. Mwombe akuonyeshe namba za kabla na baada za kazi aliyowahi kufanya, na usimpe nywila kuu ya duka lako. Mfungulie akaunti yake, uifute akimaliza.

## Mpango wa wiki nne

Wiki ya kwanza: daftari. Nakala hifadhi, vipimo vya kurasa tatu, orodha ya programu-jalizi, Search Console.

Wiki ya pili: picha. Anza na bidhaa 20 zinazouzika sana, halafu bango la juu. Ondoa slaidi. Pima.

Wiki ya tatu: vidude. Zima, jaribu, futa. Badilisha kidude cha kuchati kwa kiungo. Pima tena.

Wiki ya nne: kache na usambazaji. Weka kache, tenga kikapu na malipo, unganisha mtandao wa kusambaza maudhui, fanya manunuzi ya majaribio. Pima, linganisha na wiki ya kwanza.

Baada ya hapo ndipo uamue kuhusu seva mpya, ukiwa na namba mkononi. Ukionekana ulazima, nunua bila wasiwasi, maana utajua unalipia nini.

Kisha linda ulichopata, kwa sababu uzito hurudi taratibu: bidhaa mpya na picha mpya, kampeni mpya na kifuatiliaji kipya. Mpe kila anayepakia bidhaa kanuni moja iliyoandikwa: hakuna picha ya bidhaa inayozidi kilobaiti 150, na hakuna programu-jalizi mpya bila nyingine kuondoka. Kila mwanzo wa mwezi rudia vipimo vya zile kurasa tatu na uviandike chini ya vile vya mwezi uliopita. LCP ikipanda, tafuta kilichoongezwa mwezi huo, na ukiondoe kabla mteja hajakiona.